Mwanamke wa baraza: niliyoongea na vijana Langoni

Vijana wameniomba niandike haya niliyoongea nao juzi hapa mtaani kwetu Langoni, Amu (mji wa Lamu), baada ya isha, manake ile rekodi ya simu imejaa jenereta na punda. Nimeandika vile nilivyosema, pale nilipokatizwa nimejazia kidogo, na yale ya kumtaja mtu nimeyatoa.

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliobanana huko nyuma. Sogeeni mbele bana, viti vipo na havilipiwi. Nimeitwa niongee kuhusu harakati, na yule kijana aliyenipigia simu akaongeza, kwa haya haya hivi, ati "na vile unavyoishi, shangazi". Nikamuelewa. Mwanamke mzima, miaka hamsini na kitu, hana mume, hana mtoto, jioni anakaa Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya Ngome, na wanaume anakunywa kahawa chungu, anaingia mashua na wavuvi, anapanda basi peke yake mpaka Nairobi kusikiliza kesi, halafu asubuhi anaoka mofa, ile mikate ya mtama, na kusalimia watu vizuri tu kama hakuna jambo. Sawa, tutaongea yote mawili, manake kwangu mimi hayajawahi kuachana.

Kila kijana akija kwangu swali ni moja, shangazi uliogopa polisi? Niliogopa, nani haogopi polisi, lakini polisi ana zamu, zamu ikiisha anaenda kulala. Jirani hana zamu. Nataka mulielewe hilo mapema kabla hamjajitia kwenye mambo haya, kwamba mutakapoanza kusema, wa kwanza kuwanyamazisha hatakuwa mtu wa serikali, atakuwa mtu anayekupenda na ametumwa na mtu mwingine anayekupenda.

Kwa wale mliokuwa wadogo nipitie haraka. Machi 2, 2012 walikuja wakubwa hapa kwetu, Rais Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi waziri mkuu wa Ethiopia, wakazindua LAPSSET, bandari ya gati 32, na barabara na reli na bomba la mafuta mpaka nchi zao. Sasa hii andikeni vizuri, mi sikuwahi kukaa baraza lolote Amu nikasikia mtu anasema hataki bandari kwa sababu ni bandari. Mji huu umekula bahari tangu enzi, majahazi yalikuwa yanatia nanga hapa yakitoka Arabuni na Bara Hindi, tukatae bandari tuna wazimu? Watu waliuliza maswali ya kawaida. Bahari ikichimbwa pale, anayevua pale aende wapi? Shamba la mtu likichukuliwa analipwa nini na lini? Mikoko? Na mji ambao UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001, mumeufikiria au mumeupita tu? Wenyeji wakaenda kortini mwaka huo huo wa 2012, na Mahakama Kuu ya Malindi ikaja kuamua Aprili 30, 2018, kwamba watu hawakushirikishwa inavyotakiwa na wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kutoka hukumu mpaka pesa mkononi ni hadithi yake, nikiianza hapa tutalala. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021.

Halafu hiyo ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi. Megawati 1,050, bomba la moshi la mita 210, na makaa yenyewe hayapo hapa, yaanze kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Leseni ya mazingira ilitoka 2016. Save Lamu na wenyeji wengine wakaipinga kwenye mahakama ya mazingira, ile ya NET, na Juni 26, 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ni ile ile, watu hawakushirikishwa kisawasawa, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa kwenye kuufadhili Novemba mwaka huo, na mwaka uliofuata benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa.

Mi nilikuwa wapi katika hayo? Jina langu halimo kwenye kesi hata moja, msije mkanipa sifa si zangu. Sikuwa wakili, sikuwa mwenyekiti wa kitu. Mi shule niliishia kidato cha pili. Kazi yangu ilikuwa kukusanya watu wasome.

Naam, kusoma. Mnacheka. Nyinyi mnadhani harakati ni kubeba bango na kupigwa picha Mkunguni mbele ya Ngome, na mabango tulibeba pia, lakini bango ni siku moja. Haya mambo yote yanakuja kwa makaratasi, na makaratasi yanakuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kupinda pinda ambacho hata mwalimu anakisoma mara mbili. Basi tulikuwa tunakutana kwangu ukumbini baada ya alasiri, mkeka, birika la chai ya tangawizi, na binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne ndo msomaji. Anasoma sentensi, anatafsiri, watu wanazozana, anaenda inayofuata. Kurasa nne zilikuwa zinatuchukua mpaka magharibi. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Matondoni, Mungu amrehemu, hajui hata A, yeye tulimpa kazi ya ramani. Siku moja tumetandika ramani ya mradi mmoja hivi, siusemi upi, pale pamechorwa buluu tupu hakuna kitu, mzee akaweka kidole, kidole chenyewe kimepasuka na mishipi, akasema hapa ni mwamba, kamba wanakaa upande huu, kusi ikivuma tunajificha huku, na hapa babangu alinifunza kupiga mbizi. Akataja miamba kwa majina, moja moja, binti anaandika pembeni kwa penseli. Tulipomaliza, ile buluu tupu ilikuwa imejaa maandishi mpaka hakuna pa kuweka kikombe. Karatasi ile ilipigwa picha ikapelekwa kwa mawakili. Wallahi mi sijaona harakati kubwa kuliko kidole kile.

Sasa nije kwa hilo la baraza.

Kulikuwa na mkutano, moja ya ile mikutano ya kukusanya maoni, ofisi iliyoita siitaji. Tukafika, wanaume viti vya mbele, wanawake nyuma karibu na mlango wa jikoni, soda na sambusa zishapangwa. Mlangoni kuna kijana na karatasi, andika jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Watu wakaandika, si ni kawaida, nani anauliza karatasi ya mahudhurio. Mkutano ukaenda, mtu akaongea na projekta saa nzima, wakauliza kuna maswali, wazee wawili wakashukuru, dua. Tunatoka, yule kijana anakunja karatasi, juu ya karatasi nikaona kichwa, na kichwa hakikusema waliohudhuria, kilisema ni orodha ya wenyeji walioshauriwa. Nikarudi ndani. Nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, naomba nifute jina langu, mi sijashauriwa mi nimekunywa soda.

Basi. Hilo tu. Sikutukana mtu, sikuvunja kiti. Lakini ukumbi wote uligeuka, na mzee mmoja ninayemheshimu sana, amesoma na marehemu baba, akaniambia, kaa chini mwanangu, usitutie aibu mbele ya wageni. Nikamwambia, mzee wangu nisamehe, nikishafuta ntakaa. Nikafuta. Wanawake wengine watatu wakaja nyuma yangu wakafuta, mmoja mkono unatetemeka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Na yeye ndo shujaa wa siku ile, manake mimi nilikuwa narudi nyumba ambayo ni yangu peke yangu, yeye alikuwa anarudi kwa mume anayefanya kibarua kwa kontrakta.

Hapo ndo nilipoanza kuona kitu ambacho sikukiona kabla. Yule dada usiku ule ule mumewe alishapigiwa simu. Hakuambiwa kitu kibaya, aliambiwa tu, mkeo apunguze. Mwingine kakake yuko kaunti, akaambiwa kandarasi inakuja na itakuwa vibaya ikikosekana kwa sababu ya maneno ya dada mtu. Mwingine mwanawe anangoja basari. Ndo inavyofanya kazi, hakuna anayekamatwa, hakuna anayepigwa, kila mtu ana kamba moja imefungwa mahali na mtu anajua kamba iko wapi anaivuta kidogo. Wakaja kwangu wakatafuta kamba. Mume hakuna. Mwana hakuna. Mwajiri ni tanuri. Wakampata kakangu.

Kakangu akaja kwangu mchana, hajawahi kuja mchana. Akakaa akanywa maji. Akasema, watu wanasema wewe umekuwa mwanamke wa baraza. Nikamuuliza, na wewe unakaa wapi jioni? Akasema barazani. Nikamwambia basi si tutakutana. Alikasirika, alikaa muda hatuongei, na mi nilimuelewa, yeye ana mabinti wa kuoza na heshima ya nyumba ni moja haigawanyiki. Wakaja na wazee wakanishauri niolewe tu, nipate stara, kuna mtu mzuri mjane ana nyumba Mkomani. Mi nishaolewa ujanani, nikaachwa, si kwa ugomvi, na baada ya hapo nikaona naweza kukaa, nikakaa. Watu wanadhani niliamua kupigana na mila, sikuamua chochote, nilikuwa naoka mofa zangu na miaka inapita. Ile ya kuwa ni msimamo imekuja baadaye sana, tena wengine ndo walioniambia ni msimamo.

Mofa hii msiidharau. Watu wa harakati wanaongea mambo makubwa makubwa hawaongei mtu anakula nini. Mi naamka kabla ya alfajiri, unga wa mtama umelala na hamira usiku, tanuri lishawashwa, unachota donge unalibandika kwenye ukuta wa tanuri kwa kiganja chenye maji, ukichelewa linaanguka kwenye makaa, ukiharakisha mkono unaungua, angalieni huu hapa. Saa mbili asubuhi mofa zimeisha, nina pesa ya siku na sidaiwi na mtu. Baada ya ule mkutano kulikuwa na kipindi wateja wakapungua, wengine wakawa wanatuma watoto badala ya kuja wenyewe, nikajua mjadala unaendelea huko. Lakini Amu haiwezi kukaa bila mofa na samaki wa kupaka, wakarudi. Kijana akiniuliza aanzie wapi harakati namwambia anzia kwenye kitu unachouza mwenyewe.

Lakini msinisikize mkaona raha tupu. Mnajua harusi zetu, kuna yule mama anayepita mlango kwa mlango kualika wanawake, mnaalikwa kwenye hina, mnaalikwa kupika, mnaalikwa siku ya kutoka bibi harusi. Alipita kichochoro chetu, nikamsikia nyumba ya kwanza, hodi hodi, ya pili, akaja mpaka kwangu, viatu vyake navijua, akanyamaza kidogo, akapita. Nyumba ya mbele yangu nikasikia hodi. Harusi yenyewe ya mtoto niliyemuogesha mimi akiwa na siku saba. Hapo hakuna katiba itakusaidia. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana na kupeleka malalamiko, hakikupi haki ya kualikwa harusini. Nililia na nikaoka mofa asubuhi yake.

Na ili musidhani watu wetu ni wabaya, niwape na upande wa pili. Niliumwa homa ile ya viungo, siwezi kushika kikombe. Nani aliyekuja na uji wa mchele siku zote zile, akanipakata na kunisafisha? Jirani yangu yule yule, yule ambaye maneno mengi yaliyonifika mimi yalianzia kwake. Ananipa uji na bado ananisema, ona sasa, ungekuwa na mtu ungekuwa unateseka hivi? Kijiko kimoja uji, kijiko kimoja maneno. Ndo Amu hiyo. Mtu wa nje hawezi kuielewa, anataka akupangie watu wa upande huu na wa upande ule, na hapa yote mawili yako kwenye bakuli moja.

Kuna methali nimetupiwa mara nyingi kuliko mawe, mwacha mila ni mtumwa. Sasa mi nawauliza mila ipi na ya lini? Hili buibui nililovaa, ambalo mnaona ndo uungwana wenyewe wa mwanamke wa Amu, limeingia hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo mwanamke wa nyumba kubwa alikuwa akitoka anatoka ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa cha kumzingira pande zote, na watumwa wanakishika. Bila shaka siku buibui la kwanza lilipopita kuna mama alisema haya matoto ya siku hizi yamepotea yanatembea yenyewe. Na huyo Habib Swaleh, tunayemjazia mji kila Maulidi, watu wanatoka mpaka Uganda na Tanzania na Komoro. Alikuja akiwa mgeni kutoka Komoro, akakaa na wanyonge, akawasomesha watoto wa watumwa dini wakati kuna wakubwa hapa waliona elimu ile si ya watu wale, akaruhusu matari kwenye maulidi na watu wakapiga kelele. Msikiti wake wa Riyadha ulijengwa upande huu wetu wa Langoni, haukujengwa kwa mabwana. Astaghfirullah sijilinganishi na Habib, mi muoka mofa. Nasema tu tunavyofanya sisi, tunamkataa mtu miaka halafu tunamfanyia ziara. Hata Mekatilili wa kule Malindi ni vile vile, mjane aliyetembea kijiji kwa kijiji 1913 akacheza ngoma ya kifudu na kuapisha watu wasitoe vijana wao wala kodi kwa Mwingereza, kila Mashujaa tunampigia makofi, angepita leo kichochoroni kwenu akacheza mbele ya wanaume mungemuuliza mumewe yuko wapi. Kafa. Sawa tumuulize hivyo hivyo.

Na mila ziko ambazo sijaziacha na sitaziacha. Nasalimia kila mtu, hata aliyenipita mlango. Msiba nikisikia naenda kwanza, sialikwi lakini msiba hauna mwaliko na hapo ndo nilipowapata (wakacheka hapa). Simjibu mzee mbele ya wanawe. Kuna wanaharakati walitujia kutoka bara, vijana wazuri, moyo upo, wakasimama Mkunguni na kaptura saa ya sala wakaanza kupiga kipaza sauti, wazee wakaondoka mmoja mmoja. Wakaniuliza mbona watu wenu ni waoga. Nikawaambia si waoga, mumewaingilia. Ukitaka kuvunja sheria moja kubwa ya watu, zile ndogo zote zishike kwa mikono miwili, la sivyo watakukamata kwa kaptura na hoja yako haitafika.

Sasa hilo limenipeleka kwa jambo ambalo waandaaji labda hawatalipenda, tukae tukijua nimeombwa niongee bila kuchujwa. Harakati nayo imekuwa na mila zake, tena kali kuliko za kichochoro. Kuna hoteli, kuna bango la kitambaa nyuma ya meza, kuna tishati, kuna chai ya saa nne, kuna kuitwa "wadau", kuna "kujengewa uwezo", na mwisho kuna bahasha ya nauli. Mtu anajengewa uwezo mwaka wa kumi, ukimuuliza bajeti ya kaunti iko wapi hajui. Na ukikataa bahasha unaonekana unajifanya. Mimi niliikataa siku moja tu, si kwa utakatifu, kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kusaini na mi na karatasi za kusaini tushajuana. Tangu hapo mialiko ya hoteli nayo ikapungua. Kwa hiyo nimekosa harusi na nimekosa warsha, na sambusa za warsha zilikuwa nzuri sana.

Kipindi kibaya kabisa ni baada ya Juni 2014, baada ya lile shambulio la Mpeketoni. Watu zaidi ya 60 wameuliwa, kila mtu ana msiba, na haki kabisa serikali ilinde watu. Lakini ikaja kafyu, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, na mvuvi wa kwetu kuna samaki wake ni wa usiku, mwambie avue mchana ni kumwambia afunge tu. Na hapo ukiuliza swali, lolote, la bandari, la shamba, la samaki, unaangaliwa jicho jingine, isije ikawa huyu ana watu. Human Rights Watch waliandika Desemba 2018 kuhusu wanaharakati 35 wa huku waliotishwa au kukamatwa au kuzuiwa mikutano. Mi sikukamatwa. Niliitwa, nikaulizwa, nikarudi. Kilichoniuma ni mama mmoja, mumewe mvuvi, nilienda kumuuliza kama atakuja tusome, akafunga mlango taratibu akiwa ananiambia kwa heshima zote, dada yangu mi nina watoto. Sikumlaumu, hata leo simlaumu. Asiye na mwana aeleke jiwe, wanasema, na mi jiwe langu lilikuwa jepesi kuliko wanawe.

Hili nisisitize manake naona mabinti wawili hapo mbele wananiangalia na macho yanawaka. Msione kwamba lazima mkae kama mimi. Kukosa kamba ya kuvutwa ni faida, lakini ukiumwa usiku ni usiku kweli. Phyllis Omido wa Owino Uhuru pale Mombasa, aliyepigania watu walioingiwa na sumu ya risasi kutoka kiwandani, alikuwa mama na mtoto mdogo mgongoni, akakamatwa 2012, akaendelea, na 2020 korti ikaamua watu wale walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo kamba anazo na alisimama. Mi sikujaribiwa hivyo na siwezi kuwadanganya ningefanya nini.

Na nyinyi wanaume mlioko huku, hebu msikae mkifikiri hii ni habari za wanawake. Kijana wa Amu akisema haingii siasa za ukoo fulani, au akikataa kupokea pesa ya kampeni, naye hana raha barazani, mi nawaona, naona mnavyosogezwa mwisho wa benchi.

Juni 2024 mlitoka kuandamana. Si hapa sana, lakini Malindi, Mombasa, nchi nzima, na nyinyi mkawa kwenye simu usiku kucha, na mswada wa fedha ukaondolewa. Nililia kwa raha, na kwa wale waliouliwa nililia vile vile. Kilichonifurahisha ni kwamba hamkuwa na mwenyekiti, manake mwenyekiti ana kamba. Lakini sa hizi nawauliza, ule mswada wa Nairobi mliusoma mpaka kifungu, mkautafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine, mkatengeneza na vikatuni. Wa kaunti hii mmeusoma? Nani ameuona? Inyoosheni mikono. (Mkono mmoja, na yule anafanya kazi huko.) Kwa sheria makadirio ya bajeti ya kaunti yanapelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na inatakiwa ipite kabla ya Juni 30. Kati ya hapo watu wanaitwa watoe maoni, na tangazo linabandikwa ubaoni mahali ambapo ukuta wenyewe haupitiwi na mtu. Kifungu cha 35 cha katiba kinakupa haki ya kuomba hayo makaratasi, unaandika barua, unabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Muhuri ule ni muhimu kuliko bango. Barua nne za kwanza hazitajibiwa, andika ya tano.

Ukumbi wangu upo, mkeka upo, Jumamosi baada ya alasiri. Yule binti wa kidato cha nne sasa ni mwalimu na ana watoto wake watatu nyumbani wanamvuta, lakini anakuja, anakuja na mdogo kifuani. Nataka wasomaji wawili wa Kiingereza, na mtu mmoja anayejua hesabu za tarakimu kubwa, manake mabilioni yanatuchanganya, sifuri zinapotea njiani. Mofa ya asubuhi itakuwa imekauka lakini chai ipo.

Maswali yalikuwa mengi na mengine nimeyajibu juu juu. La mwisho aliuliza msichana aliyekaa karibu na mlango, kwa sauti ndogo, shangazi mimi nataka kuja lakini mchumba wangu amesema akisikia niko kwako harusi basi. Nikamuuliza mchumba wako anafanya kazi gani. Akasema yuko benki, Mokowe.

Nikamwambia mlete na yeye, si nimesema namtaka mtu wa sifuri.